Kaptura ya Kukulia

Ilianza siku ya Alhamisi, saa kumi na robo alasiri. Sikisii, mwanangu. Daftari langu la wakati ule bado ninalo. Mende wamelila pembeni, lakini siku na saa zinasomeka. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya harambee upande wa Busia, na nilikuwa na haya kiasi kwamba nikiitwa jina langu darasani, Nabwire, natazama kwanza kama kuna Nabwire mwingine.

Kusema sikuweza, basi niliandika. Nani amechelewa, nani amevaa soksi za dada yake, mwalimu gani anakohoa kabla ya kudanganya. Yote yalikuwa humo.

Alhamisi hiyo masomo yalikufa mapema. Jumamosi tulikuwa tunacheza mpira na shule ya Malaba, na atakayeshinda ndiye atakayeendelea hadi mashindano ya mkoa. Wavulana walikaa juu ya madawati, kila mmoja na utabiri wake mdomoni.

"Tano bila," alisema Makokha. Huyu ndiye aliyeongoza washangiliaji, na akipaza sauti kule Mundika, nje ya mji, ng'ombe wa Busia mjini waligeuza shingo. "Tano bila, na ya tano Wandera anafunga akitembea."

"Acha uongo. Mara ya mwisho walitufunga."

"Mara ya mwisho uwanja ilikuwa na maji!"

"Na wao walikuwa wanacheza wapi, juu ya paa?"

Darasa zima likacheka. Mimi pia nilicheka, lakini nikiwa nimeinamia daftari. Niliandika utabiri wangu mwenyewe: tutafungwa mbili kwa moja. Sababu niliandika pia. Wandera, mfungaji wetu, akipata mpira anainamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sindano, wala hamwoni mwenzake aliye wazi. Kisha, nikiwa na furaha ya bure tu, nikaandika mistari miwili juu ya golikipa wa Malaba.

Golikipa huyo aliitwa Ekisa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kaptura yake ingeweza kuchukua watu wawili na kiti. Aliifunga kwa utepe wa buluu. Katika mechi ile ya mwisho nilimtazama sana: kila mpira ukija, mkono wa kushoto ulikimbilia kiunoni kwanza. Ndipo nikaandika:

Golikipa wa Malaba, mkono mmoja tu,
wa pili una kazi, umeshika kaptura juu.

Nafula, rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, alisoma juu ya bega langu akapiga kelele ya kicheko. Kabla sijamshika alikuwa amechana ile karatasi na kumpelekea Makokha.

"Nani ameandika hii?" Makokha akauliza.

Nafula akanitazama. Nikaweka kidole mdomoni.

"Tumeokota," akasema.

Makokha akayatia maneno sauti, na saa kumi na moja wimbo ulikuwa uwanjani. Saa kumi na mbili ulikuwa sokoni. Pale forodhani malori yalisimama kwa mstari, na mataniboi, wale vijana wasaidizi wa madereva, waliokaa juu ya mizigo waliudaka wakaondoka nao. Nilipita katikati ya watu wakiimba maneno yangu na hakuna aliyenijua. Sitakudanganya, mwanangu. Ilikuwa tamu. Nilikuwa nimesema mbele ya Busia nzima, na bado nilikuwa nimejificha.

Ijumaa asubuhi Makokha alipanda lori kwenda Malaba kuchukua kaptura mpya za timu yetu. Fundi alikuwa Mama Amoit, mama wa Kiteso mwenye cherehani ya miguu kwenye baraza ya duka moja kule. Ndiye aliyewashonea Malaba, na safari hii sisi pia tulimpelekea kitambaa, pamoja na kaptura za zamani ili apate vipimo. Yaani timu yetu haikubakiwa hata na kaptura moja.

Saa sita Makokha akarudi mikono mitupu. Tulikusanyika mbele ya ofisi, na mwalimu wa michezo akamwambia aeleze.

"Mama amekataa," alisema Makokha, na kwa mara ya kwanza tulimsikia akiongea kwa sauti ya kawaida. "Zimeisha, zimekunjwa vizuri, nimeziona na macho. Lakini wimbo ulifika Malaba mbele yangu. Anasema kaptura ya Ekisa ni yeye alishona, na mwenye wimbo aende mwenyewe. Nikamwambia ni mimi."

"Akasema?"

"Akaniuliza utepe ulikuwa rangi gani. Nikasema nyekundu. Akaniuliza ni mkono gani ulishika kaptura. Nikasema wa kulia." Makokha akakuna kichwa. "Mimi nikiongoza nyimbo nawapa wachezaji mgongo, mwalimu. Mechi yenyewe siionagi. Akaniambia, 'Wewe una sauti, lakini haya macho si yako. Niletee mwenye macho.'"

Kama si mambo yalivyokuwa, tungecheka. Mwalimu alisema wazi kwamba timu isiyo na sare haitaruhusiwa kucheza. Wandera alikuwa amekaa kwenye jiwe, anatazama magoti yake. Alikuwa kidato cha nne, huo ndio uliokuwa mwaka wake wa mwisho.

"Nani aliandika?" mwalimu akauliza.

Nafula hakunitazama, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitaja. Niliona kwamba ataitunza siri yangu hadi timu ikose mechi. Nikainua mkono. Ulikuwa mkono wangu wa kwanza kuinuka shuleni bila kuulizwa. Mwalimu alidhani naomba ruhusa ya kwenda msalani.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe?" akasema Makokha. "Huyu huwa anaongea?"

Tulipanda lori la pamba, mwalimu mbele na dereva, mimi katikati yao. Dereva alikuwa anaupiga mluzi wimbo wangu njia nzima bila kujua amembeba nani. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kumpa Mama Amoit barua ya kuomba msamaha kisha nirudi kwenye lori. Nilikuwa nimeshaiandika, iko mfukoni.

Baraza ilikuwa imejaa: wanawake wenye vikapu, wachezaji wawili watatu wa Malaba, na kando ya cherehani, amesimama wima huku amefungwa futi ya kupimia kiunoni, Ekisa mwenyewe. Nusura nigeuke.

Nikampa Mama Amoit karatasi. Hakuifungua.

"Wimbo ni wewe uliandika?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hii barua weka. Utepe ilikuwa rangi gani?"

"Buluu."

"Mkono?"

"Wa kushoto, mama."

Akawatazama wale wanawake, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata kitambaa alichokuwa anakitafuta. "Haya. Imba."

Niliimba. Sauti ilitoka kama ya kifaranga, lakini ilitoka, mistari yote miwili, na Ekisa yuko hapo hapo. Nilipomaliza nikaanza kurudi nyuma kuelekea lori.

"Unaenda wapi?" Mama Amoit akasema. Hakuwa na ukali. "Sasa ndio zamu yetu. Mimi nimetania watu wa Busia tangu nikiwa msichana kama wewe, na wao wamenitania. Ukimtania mtu unasimama, akujibu. Wewe ulirusha neno halafu ukakimbia. Mtu akirusha jiwe kwa boma ya mwenzake usiku, huyo tunaita mtani?"

"Hapana, mama."

"Simama hapo basi. Kaptura ya huyu nimeishona kubwa mimi mwenyewe. Mama yake aliniambia, mtoto anarefuka kila wiki, nishonee ya kukulia, ivaliwe mpaka amalize shule. Nikashona ya kukulia." Akavua miwani, akanitazama kuanzia juu hadi chini, na macho yake yakasimama kiunoni pangu. "Na hiyo sketi yako, dada. Imekunjwa mara ngapi?"

Mwanangu, nilitamani pamba ya lile lori inifunike. Sketi yangu mama yangu aliinunua kubwa ili inifikishe kidato cha nne. Kiunoni niliikunja, nikaibana kwa pini, nikashusha sweta juu yake mtu asione. Mimi niliyeona utepe wa Ekisa kutoka ng'ambo ya uwanja, sikuwahi kufikiri kuna mtu anayeniona mimi.

"Mara tatu," nikasema.

Baraza ililipuka. Mama mmoja alilazimika kuweka kikapu chini. "Mara tatu! Huyu anacheka kaptura akiwa ndani ya hema!" Ekisa alicheka hadi futi ikamdondoka. Nami, sijui ilitoka wapi, nikacheka pia, kwa sauti, mdomo wazi. Nilikuwa nimesubiri aibu iniue, kumbe imepita kama mvua ya dakika mbili.

"Na mimi sijajibu," Ekisa akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na nikaona kumbe naye ana haya. "Kesho nitadaka na mkono mmoja. Na wa pili nitakupungia wewe."

Mama Amoit alinipa kaptura zote, zimefungwa kwa kamba ya katani, akanishika bega. "Kuandika unajua. Usiache. Lakini jina lako liende na maneno yako."

Jumamosi Malaba walifika na malori mawili ya watu. Hata hawajashuka wakaanza: "Kunja mara tatu! Kunja mara tatu!" Watu wetu hawakuelewa. Nafula alinishika mkono akidhani nitakimbia. Nikasimama juu ya benchi, nikapandisha sweta, nikawaonyesha kunjo zote tatu. Upande wa Malaba walinipigia makofi kuliko walivyopigia timu yao.

Mchezo ulikuwa mzuri. Walifunga, tukasawazisha, wakafunga tena. Zikiwa zimebaki dakika chache, Wandera, ndani ya kaptura yake mpya, aliinua kichwa kwa mara ya kwanza maishani mwake na kupiga shuti la kwenda pembeni kabisa, juu. Niliona tayari liko ndani. Ekisa akaruka. Aliruka kwa urefu wake wote, na kwa kuwa mikono miwili isingefika, alinyoosha mmoja tu. Mpira ukagonga vidole vyake ukatoka nje. Kaptura, iliyokuwa imepunguzwa kiunoni, haikusogea hata kidogo. Alipoinuka na vumbi lake alitafuta upande wetu, akaniona, akanipungia kwa ule mkono wa pili.

Tulifungwa mbili kwa moja. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka, na sikuwa peke yangu. Hata Wandera alikwenda kumshika mkono.

Nakuambia haya, mwanangu, kwa sababu nimekuona na simu yako kabla ya mechi zenu, ukitupa maneno kwa jina ambalo si lako, halafu unacheka peke yako kwenye kochi. Sikukatazi utani. Mpira bila utani ni watu ishirini na wawili wanaochoka bure. Tabiri tano bila ukitaka, imba, wacheke Malaba mpaka walie. Ila ukiwa na neno juu ya mtu, lipeleke mwenyewe, kwa jina lako, kisha usimame hapo asikie na akujibu. Ukiona huwezi kusimama, liache daftarini. Na kabla hujacheka kaptura ya mwenzako, shika kiuno chako kwanza, uhesabu kunjo. Sisi sote tulishonewa nguo za kukulia.

Mungu akupe maneno yenye chumvi, na akupe watu wa kukujibu bila kinyongo. Akurefushe taratibu, hadi kila ulichoshonewa kikutoshe.

Na asubuhi baada ya mechi ile, Jumapili, saa moja na nusu, nilivaa sketi yangu niende kanisani. Niliona imepanda kidogo juu ya magoti, labda tangu siku nyingi. Nikafungua pini, nikashusha kunjo moja, zikabaki mbili. Kisha nikatoka, nikamkuta Makokha kwenye uwanja wa kanisa, amezungukwa na wavulana, anaeleza kwa sauti yake ile jinsi refa alivyotuonea. Nikaenda moja kwa moja mbele yake.

"Makokha," nikasema, wote wakasikia, "yale mabao yako mengine manne, Wandera bado anatembea nayo?"

Wakaangua kicheko. Makokha akavuta pumzi ndefu, kifua kikajaa. Nikakunja mikono, nikasimama pale pale, nikasubiri jibu.