Shaba Aliyoionea Haya

Miaka ya tisini mume wangu alikuwa mwindaji, na mimi nilikuwa mke wa mwindaji, yaani mfua nguo zenye matope na mpishi wa nguruwe pori. Baridi ikikaribia alikwenda kwenye misitu ya Ardennes na wenzake watatu wa kazini, Wabelgiji, na katikati ya juma aligeuza meza yangu ya jikoni, hapa Ixelles, kuwa karakana. Risasi za dukani hakuzitaka. Alijaza zake mwenyewe: ganda, kisha baruti aliyoipima kwa mizani ndogo huku amezuia pumzi, halafu kile kichwa kinachompenya mnyama. Mtu ambaye hajawahi kupima chumvi ya mboga!

Vichwa vyake vilikuwa vya plomb, madini yale laini yenye sumu. Vikigonga mfupa vinamegeka, na vipande vinabaki ndani ya nyama. Nilijua hivyo kwa sababu binti yetu, aliyekuwa bado mdogo, alitema kimoja kwenye sahani.

"Maman, nyama iko na jiwe."

Nikamwambia mume wangu anunue vichwa vya shaba tupu, ambavyo havimegeki hivyo. Loo, hoja alizonipa! Shaba ni nyepesi, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule kinakuwa kirefu mno. Basi chukua chepesi zaidi, nikasema. Itachafua mtutu. Basi safisha, si una mikono? Sababu yenyewe niliipata siku alipomsimulia kaka yake kwenye simu, akidhani sisikii. Alikuwa amevitaja vichwa vya shaba mbele ya wale wenzake, wakacheka mpaka wakashika mbavu: Mkatanga na shaba yake, je, umekata waya gani wa umeme?

Hiyo ndiyo hoja. Mwanamume aliyezaliwa Likasi, kwenye migodi ya shaba ya Katanga, aliyesomeshwa kwa mshahara wa shaba, aliona haya kuwa nayo mfukoni. Afadhali mwanawe ale sumu kuliko yeye achekwe na watu watatu wenye kofia za manyoya ya ndege. Nilimdharau, na ninasema hivyo bila kuomba radhi.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaacha kubishana.

Jumapili moja akawaalika wale watatu waje kula nguruwe wake. Nilipika vizuri, kwa pilipili na pondu, yale majani ya mhogo, kutoka maduka ya Waafrika ya Chaussée de Wavre. Binti yetu nikamkaangia kuku. Mgeni mmoja akauliza kwa nini mtoto hali nyama ya baba yake.

"Kwa sababu ina plomb ndani," nikamjibu kwa Kifaransa.

Mume wangu akacheka kile kicheko chake cha mbele ya wageni.

"Bon, acha basi, maman. Plomb haiuwe muntu."

Akawageukia wenzake, akawaeleza kwa Kifaransa kirefu kwamba hatari hakuna, ni woga wa wanawake tu. Wakaafiki, midomo imejaa.

Binti yetu alikuwa anasikiliza. Akanyoosha mkono, akachukua kipande kwenye sahani ya baba yake, akakipeleka mdomoni.

Baba yake akamdaka kifundo cha mkono, kwa nguvu, mbele ya wote. Kipande kikaanguka kwenye kitambaa cha meza. Mtoto akaanza kulia, na wale watatu wakaacha kutafuna.

Nikachukua upawa, nikamwongezea mume wangu nyama.