Uso, Mikono na Kola ya Shati

Mimi ni mtu wa majivuno, na kwa kazi yangu sioni kama hilo ni kosa kubwa. Mpiga video za harusi akiwa mnyonge ataishia nyuma ya mashangazi, akirekodi vilemba vyao. Niliponunua kamera mpya, hizi nyepesi zisizo na kioo ndani, majivuno yaliongezeka. Ilikuwa na fokasi ya kujiendesha: yenyewe inatafuta uso wa mtu, inauzungushia kisanduku cha kijani kwenye skrini, kisha inahakikisha uso huo unaonekana wazi hata mtu akitembea. Nilipiga nayo harusi moja Nyansiongo, bibi harusi akipita katikati ya majani ya chai, kope zake unaweza kuzihesabu na chai yote nyuma yake imeyeyuka kuwa rangi tupu. Watu waliisifu video ile mpaka nikaanza kusalimia kwa kuinua kidevu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi maji niliyatia Mosocho, kwenye duka la dada yangu.

Dada yangu mkubwa ni fundi wa nguo. Ni kiziwi tangu alipopata homa akiwa na miaka mitatu. Alisoma shule ya bweni ya viziwi na huko akapata lugha ya ishara kamili, yenye utani wake na matusi yake. Sisi wa nyumbani hatukuifuata. Tulibaki na ishara chache za kujitungia: kufunga kilemba hewani ni mama, kuchuma kwa vidole viwili ni chai, kupiga tumbo ni njaa. Jambo lolote kubwa kuliko njaa tuliandikiana kwa simu, hata tukiwa tumekalia benchi moja. Alinibeba mgongoni nikiwa mtoto, na nilifika miaka thelathini bila kujua anasemaje "nimechoka" kwa lugha yake. Naandika hivyo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka huo chuo kimoja cha ufundi kilitangaza kinatafuta mwalimu wa ushonaji kwa wanafunzi viziwi. Dada yangu aliitaka nafasi hiyo kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu. Alikuwa ameshona sare za shule kwa miaka kumi na moja, na jirani zake sokoni bado walimwita bubu, kana kwamba hilo ndilo jina lake. Alitaka kusimama mbele ya darasa ambalo kila mtu anamwelewa. Chuo kiliomba video moja ya dakika zisizozidi nane, mwombaji akifundisha jinsi ya kukata na kushona kola ya shati la shule kwa lugha ya ishara. Isikatwe wala kuunganishwa popote. Walimu watakaoitazama ni viziwi, na wasipoelewa, basi. Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi adhuhuri. Kwetu sisi Waadventista hiyo maana yake ni Ijumaa kabla jua halijatua, kwa sababu Sabato ikishaingia mama hakubali hata uzi upitishwe kwenye sindano.

Jumatatu nilifika dukani na vifaa vyangu vyote. Nilimkalisha akiupa mlango mgongo, ili barabara ing'ae nyuma yake vizuri. Nikafungua tundu la lenzi lote, kama nilivyofanya Nyansiongo. Alipoanza kuongea kwa mikono nikavutiwa na vile vidole, nikasogea karibu, nikavijaza skrini nzima: vidole, mkasi, chaki, tena vidole. Uso wake ulibaki nje ya picha karibu muda wote. Jioni nilipunguza mwendo wa sehemu mbili hivi, nikatia kinanda cha polepole chini yake. Nilipoitazama machozi yalinilengalenga, na nikajua nimemaliza kazi.

Asubuhi nilimwonyesha. Aliitazama mpaka mwisho, kiganja chake kikihisi mtetemo wa spika, akachukua simu yake, akaandika: "Muziki ni wa nani?"

Aliendelea kuandika, bila hasira, jambo lililoniuma zaidi. Palepale alimtumia kipande rafiki yake kiziwi wa Nyamira, na baada ya dakika chache akanionyesha jibu: rafiki ameona mkasi mzuri. Akanieleza jambo ambalo ningelijua tangu utotoni kama ningeuliza: kwamba uso ni nusu ya lugha. Nyusi zikipanda ni swali. Mdomo ukikazwa, kitambaa kivutwe kwa nguvu. Mashavu yakijazwa, kiachwe kilegee. Mikono bila uso ni maneno nusunusu. Tena nilikuwa nimepunguza mwendo, kwa hiyo hata hizo nusu zilitambaa.

Kiburi si maungwana, lakini nacho hakifi siku moja. Jumatano nilirudi nikiwa nimenuna, nikasema kimoyomoyo kwamba nitampa uso na mikono vyote, tuone atakosa nini. Nilirudi nyuma, nikaweka kamera kwenye miguu yake mitatu, nikaiachia iamue yenyewe fokasi na mwanga. Si ndiyo sifa yake?

Iliamua. Kila mkono ulipokuja mbele ya kifua, fokasi iliuacha uso ikaukimbilia mkono, na mkono uliposhuka ikarudi usoni kwa kusitasita. Ikumbukwe pia kwamba fundi kiziwi hawezi kushona na kuongea kwa wakati mmoja. Mikono ni ileile. Anainama ashone kidogo, anainuka aeleze, anainama tena. Kila alipoinama kamera ilipoteza uso, ikashikilia cherehani, na alipoinuka ilichukua muda mrefu kugundua kwamba kuna mtu. Maneno yake matatu ya kwanza yalikuwa yameshaliwa na ukungu. Kisha akainua kitambaa cha shati, cheupe pe, mbele ya kifua. Kamera ikaona weupe mwingi, ikadhani kuna jua kali, ikapunguza mwanga wote, na uso wa dada yangu ukawa giza tupu juu ya kitambaa kinachopendeza.

Niliitazama ile video peke yangu ndani ya gari na nikaogopa. Nafasi yake ya maisha ilikuwa mkononi mwangu, na mimi nilijua kupendezesha watu tu, sikujua kuwafanya waeleweke.

Alhamisi nilimwandikia kwamba nimeshindwa, anifundishe anachotaka kionekane. Alifunga duka saa nzima kwa ajili yangu. Kwanza aliigeuza meza, akaelekea mlangoni, mwanga wa nje ukamwangukia usoni. Akalivua shati lake la maua, akabaki na fulana ya kijani kibichi isiyo na mapambo, akaweka kiganja chake kifuani nione: ngozi nyeusi juu ya kijani ilisomeka vizuri, bila weupe wa kuichokoza kamera. Kisha akaanza kusema herufi kwa vidole, moja moja, nami nikawa nabadilisha mipangilio nikimtazama.

Nililifunga tundu la lenzi kwa kiasi, ili uso na mikono vyote viwe wazi hata mkono ukija mbele, na urembo wa nyuma kuyeyuka ukaenda zake. Kwenye harusi shata yangu, kile kipazia cha ndani ya kamera kinachofunguka na kufunga, huwa ya polepole, vitu vinavyotembea vinakuwa laini. Nikaiongeza kasi mara nne, na vidole vyake vikaacha kuwa kivuli. Nikaiamuru fokasi ishikilie binadamu mzima, kichwa kikiwamo hata kikiinama, na isiharakishe kuhama kitu kikipita mbele. Mwanga nao nikauambia upimwe usoni pake, si kwenye picha nzima. Akainua kitambaa cheupe. Uso haukugeuka rangi. Akakishusha, akakiinua tena ghafla kama anayemtishia kuku, na kisanduku cha kijani kikabaki palepale kikiuzunguka uso wake unaocheka.

Mtu mwingine angesema ni mipangilio tu. Mimi nilitaka kuruka, na niliruka kidogo.

Alifanya jambo moja zaidi siku ile. Alikuja nyuma ya kamera, akanisukuma nikae kwenye kiti chake, akatazama skrini muda mrefu huku nikipungapunga mikono. Alitaka kujua kamera inaona nini na inapenda nini. Hakuna mteja wangu aliyewahi kutaka kujua hilo.

Ijumaa tulianza saa nane na nusu mchana, na mawingu ya kawaida yalikuwa yameanza kujipanga upande wa milima. Kwa vile yeye alielekea mlangoni, mimi na kamera tulikuwa kizingitini, mgongo wangu ukiwa nje chini ya ukingo wa mabati. Mama anayeuza mboga mlango wa pili alijitolea kuwazuia wateja. Niliinua kidole gumba, dada yangu akavuta pumzi, akaanza.

Dakika mbili za kwanza zilikwenda kama maji. Aliinama, akakata, akainuka, akaeleza, na kila alipoinuka uso ulikuwa wazi kabla mkono haujasema lolote. Ya tatu, mvua ikashuka.

Mvua ya Kisii haiombi ruhusa. Ilipiga mabati kwa kishindo ambacho kingeniua harusini, na mkono wangu, kwa mazoea ya miaka yote, ukaenda kuzima kamera. Mama wa mboga alikuja mbio na mwavuli, akanipigia kelele sikioni:

"Zima hiyo kitu, mtu wetu! Sauti imeharibika yote!"

Mkono ulisimama hewani. Nilimtazama dada yangu. Hakuwa amegeuza hata jicho. Alikuwa akieleza jinsi ncha ya kola inavyokatwa ili isivimbe. Nikacheka pale mlangoni, maji yakinitiririka shingoni mpaka kiunoni, nikamwambia mama wa mboga kwamba hakuna sauti ya kuharibika, afunike kamera tu. Alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili, lakini alifunika.

Kilichobaki kunitisha ni giza. Wingu lilikuwa limefunika soko zima na duka likawa kama jioni. Niliona namba kwenye skrini zikipanda, kamera ikijiongezea uwezo wa kunywa mwanga, taratibu, bila kuruka. Uso wa dada yangu haukuzama. Punje ndogondogo zilianza kuonekana ukutani, lakini nyusi zake zilisomeka, mdomo wake ulisomeka, na mimi nilikuwa nikiiambia kamera kwa sauti, "Shikilia hapo, shikilia."

Uzi ukakatika. Niliona bega lake likishtuka. Lakini aliinuka, akatazama lenzi, akasema jambo fulani kwa mikono huku nyusi moja iko juu, akapitisha uzi upya bila haraka, akaendelea.

Mwishoni aliigeuza kola, akaisukuma ncha yake nje kwa mkasi uliofungwa. Fundi yeyote angeinyoosha kola ile mbele kuelekea kamera ili ionekane vizuri, na hapo ingekuwa ukungu. Yeye aliipandisha taratibu mpaka kando ya shavu lake, ikakaa sambamba na uso, ndani ya kile kisanduku cha kijani. Kila mshono ulionekana. Kila kope ilionekana. Aliijua kamera yangu kwa saa moja kuliko nilivyoijua kwa miezi.

Dakika saba na sekunde arobaini. Tulikumbatiana, mimi nimelowa chapachapa, na mama wa mboga akashangilia bila kujua anashangilia nini. Tuliituma video saa kumi na moja, jua likiwa limerudi likining'inia, na mama yetu alitupokea nyumbani akiwa ameshika Biblia na kutazama saa ya ukutani.

Baada ya siku hiyo nilianza kwenda dukani kila jioni ya Jumapili kujifunza. Vidole vyangu ni vizito, na dada yangu ni mwalimu mkali anayepiga watu makofi mkononi wakikosea.

Wiki tatu baadaye, jibu lilikuja kwa video kutoka kwa mkuu wa idara ya ushonaji, naye kiziwi. Alijirekodi kwa simu akiwa ameketi mbele ya dirisha, uso wote giza, simu imeegemezwa mahali panapotikisika. Nilikasirika kitaalamu. Dada yangu aliongeza mwanga wa skrini, akaisogeza karibu, na kabla mkuu hajamaliza alikuwa amekaa sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa, analia na kucheka. Aliniandikia neno moja, "Nimepata," nami nikalia bila kinanda.

Tuliitazama tena. Nilishika maneno machache: kola, uzi, mkasi. Baadaye alinieleza kwamba walimu wote walielewa tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, na kwamba uzi ulipokatika aliwaambia, "Hata huu unataka kusikilizwa," nao wakacheka. Lakini mwishoni mkuu alinyoosha kidole kuelekea kwetu na kuuliza jambo ambalo sikulishika, na dada yangu akainua simu, akajirekodi akimjibu, akatuma papo hapo.

Nilimwomba aniandikie. Aliandika kwamba mkuu ameuliza kama mtu aliyeshika kamera ni kiziwi.

Nikamuuliza amejibu nini. Aliiweka simu mezani, akanigeukia ili mwanga wa mlango umwangukie usoni, akarudia jibu lake kwa mikono, polepole, ishara mbili tu, na nilizielewa zote mbili.

"Bado. Anajifunza."