Nyasi za Kutazamwa

Harufu ya majani yanayooza hunirudisha utotoni mara moja, ingawa katika utoto wangu wote niliinusa siku moja tu. Kwetu, nje kidogo ya Kakuma, majani hayaozi. Hukaukia mtini, yakadondoka, upepo ukayasaga pamoja na vumbi. Mwaka ule hata hayo ya kudondoka hayakuwepo. Mvua ilikuwa imetukimbia misimu kadhaa mfululizo, mto ulikuwa mchanga mtupu, na kundi la baba lilibaki mbuzi wachache wenye mbavu za kuonekana kwa mbali. Walikula maboksi yaliyotupwa nyuma ya maduka ya kambi ya wakimbizi, na sisi tukanywa maziwa yao, yalipopatikana, bila kuuliza maswali.

Ndipo shule yetu ikapata wafadhili wa kututembeza. Tungepanda basi la kukodi, tulale Kitale, na asubuhi mwelekezi atupeleke kwenye msitu wa mvua ulio ndani ya mbuga ya taifa ya Mlima Elgon, tuzunguke mpaka jioni. Wenzangu walizungumzia nyani na mapango. Baba aliposikia kwamba kuna mlima ambako mvua hunyesha karibu kila siku, akanitazama kama mtu mzima mwenzake. Kwetu, kabla ya familia kuhama, hutangulia mtu mmoja kukagua malisho, naye akirudi hukalishwa na kuulizwa kila kitu: nyasi, maji, kupe, usalama wa njia. Kazi hiyo ilikuwa ya kaka yangu Ekal, lakini Ekal alikuwa amekwenda Kataboi, kando ya ziwa, kuvua samaki. Baba alilitaja jambo hilo kwa sauti ya chini, maana mfugaji akishika nyavu watu hujua kwao kumekwisha. Basi akanituma mimi, msichana wa darasa la sita mwenye sweta lililotoboka viwiko.

"Akiru," aliniambia, "wewe ulizaliwa mvua ikinyesha. Wenzako wataangalia nyani. Wewe angalia chini."

Nikaangalia chini. Basi lilipovuka lango la mbuga, nyasi za kando ya barabara zilikuwa za kunifika kiunoni. Tuliposhuka kutembea, udongo ulikuwa mweusi na laini, unabonyea kama ugali wa moto, na maji yalitiririka kati ya mizizi bila mtu yeyote kuyachimba. Penye miti hapana wajenzi, na pale penye nyasi zote zile sikuona hata mbuzi mmoja. Mwelekezi wetu, kijana mchangamfu wa buti za mpira, alikuwa akitusihi tutazame juu, huku ndege, kule kima. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi macho yangu yalikuwa kazini. Nilikagua soksi zangu kama zina kupe. Niling'oa jani moja la nyasi nikalitafuna, nikaona ni tamu. Kisha mvua ikatunyeshea, wenzangu wakakimbia huku na huko midomo wazi, hata mwalimu akavua kofia alowe. Mimi nilishikwa na hasira. Ilikuwa inanyesha juu ya kitu ambacho tayari kilikuwa kimelowa.

Nikamfuata mwelekezi. "Mbuzi anaweza kuja kukula hapa?"

Alicheka, si kwa ubaya. "Mbuzi? Mbuzi akiingia hapa anashikwa, na mwenyewe anashikwa. Hapa ni kuangalia tu."

"Sasa hii nyasi yote inakuliwa na nani?"

"Nyati anakula kidogo. Ingine inaoza tu."

Hapo nikaielewa ile harufu niliyokuwa nikiivuta tangu asubuhi. Sikumbuki mapango, wala kima, wala wimbo tulioimba njiani kurudi Kitale. Nakumbuka nikiwa kwenye basi kesho yake, nyuma yetu milima, mbele yetu nchi inazidi kuwa kahawia, nami nikipanga maneno ya kumwambia baba na kuyapangua.

Nilimkuta amejiandaa. Mama alikuwa amekunja ngozi za kulalia na kuzifunga kwa kamba, na punda wetu, aliyekuwa amekopeshwa jirani, alikuwa amerudishwa na kufungwa karibu na boma. Baba akanipa kigoda chake, kile ambacho mtu mwingine hakukikalia, yeye akachuchumaa chini. Mama akanipa chai kwanza, kwa kuwa aliyetumwa hunywa kabla ya kusema. Sikuwahi kuheshimiwa hivyo, na nilitamani ardhi inimeze.

"Nyasi?"

"Zinanifika hapa."

"Maji?"

"Kila mahali."

"Kupe?"

"Sikuona, baba."

Alikuwa anatabasamu. "Mwenyewe ni nani?"

"Serikali."

"Anafuga nini?"

"Wanyama wa kutazamwa."

Mjumbe hauawi, na baba hakunikemea. Alichora mchanga kwa kidole kwa muda, kisha akauliza kama nyasi hizo zinauzwa. Nikamwambia zinaoza. Akanitazama aone kama namtania. Halafu akamwambia mama afungue kamba.

Mbuzi walikufa mmoja mmoja kabla ya mvua kurudi. Baba akaanza kuchoma makaa na kuwauzia wakimbizi wa Sudan kule kambini, hadi mgongo ulipokataa. Siku hizi anakaa nami Lodwar, kwenye nyumba ya mabati, na hukalia kiti cha plastiki. Kigoda alikiuza kwa mgeni aliyetaka pambo la sebuleni. Mvua imetukimbia tena, tena kwa muda mrefu kuliko wakati ule, na watu hawaulizani tena malisho yako wapi, huulizana chakula cha msaada kitafika lini.

Mwezi uliopita shule ya binti yangu iliwapeleka watoto kwenye mlima uleule. Aliporudi alikimbilia kwa babu yake na simu yangu, niliyokuwa nimempa aende nayo, akamwonyesha picha moja baada ya nyingine: kijani, kijani, kijani. Mimi niliacha kufua nikasimama mlangoni. Nilikuwa nasubiri maswali, kama vile nimetumwa mimi. Baba aliishika simu mbali na macho, akaitazama kwa muda.

"Mlipewa chakula?" akamuuliza.

"Ndiyo, babu. Wali na nyama."

"Vizuri," akasema, akamrudishia simu.