Kozi Ahamia kwa Kasuku

Pale makumbusho walimwita Mama Manyoya, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimsalimu ataitika, ukimwongezea neno, anarudi kwenye brashi yake. Kazi yake ilikuwa kuwapangusa vumbi ndege waliokaushwa: hondohondo na mdomo wake mkubwa kama mundu, chozi wa kufyonza maua, kigong'ota, bundi, na wale majirani wa tangu zamani, tai na kozi.

Siku hiyo moyo ulikuwa mzito. Binti wa mdogo wake anaolewa kesho, na alikuwa amemsihi, "Mama mkubwa, usipokuja nitaolewa huku nalia." Hakuwa amemjibu. Mdogo wake huyo, ambaye ukoo mzima humwita Kasuku, ndiye aliyeitoa nje siri ya uchumba wa Mama Manyoya uliovunjika, ikafika sokoni kabla mwenyewe hajamaliza kulia. Miaka imepita, salamu hakuna.

Mkuu wa kitengo, binti mcheshi, akafungua kabati. "Mama, leo kozi anahama. Tumweke na kasuku."

"Na yule mropokaji? Kozi ni ndugu wa tai, mwanangu. Hebu tazama kucha."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Kumbe kucha na mdomo ni mambo ya riziki tu, mama. Hawa wote wametoka kwa babu mmoja wa kale, kila mmoja akashika njia yake. Vinasaba vimepimwa: kozi yuko karibu zaidi na kasuku kuliko na tai."

"Mbona hawafanani hata kidogo?"

"Undugu si sura."

Mama Manyoya akambeba kozi kwa mikono miwili, akamsimamisha kando ya kasuku. Akawapangusa wote wawili kwa brashi ile ile. Ndipo akakumbuka jambo alilokuwa amelifukia kwa hasira: Kasuku aliitangaza siri ile akimlaani yule mchumba wa dada yake nyumba kwa nyumba, machozi yakimtiririka. Yeye alijifungia ndani na kununa. Mwenzake alimpigania kwa mdomo aliojaliwa. Mama Manyoya akaona haya, akamwonea mdogo wake huruma, na zaidi ya yote alimkumbuka.

Akatoka ukumbini, akapiga simu.

"Ni mimi."

Kasuku, mropokaji wa ukoo, akakosa neno. Ilisikika pumzi tu. Ikabidi asiyejua kusema aseme.

"Kesho nakuja. Nivae rangi gani?"

Hapo mdomo ukafunguka, na Mama Manyoya akasikiliza mpaka salio likaisha.