Kiungo Aliyemaliza Sahani

Asubuhi moja mwezi uliopita nilifunga mlango wa chumba ninachopanga mtaa wa Ladywood, nikatoka bila kujua ninakwenda wapi. Hiyo ndiyo tabia yangu, na walionizoea hawaniulizi tena. Nilipanda treni ya kwanza niliyoikuta, ile ya kuelekea Sutton Coldfield, nikakaa dirishani kutazama migongo ya nyumba za watu. Mbele yangu alikaa msichana aliyevaa suti ya mazoezi. Viatu vyake vya kuchezea mpira vilikuwa vimelowa, akaviweka chini, mbele ya tundu la hita. Haikuchukua muda harufu ikapanda: ngozi mbichi, tope, majani yaliyokatwa, vyote vikianza kupata moto. Abiria mmoja alihama kiti. Mimi niliivuta kama mtu anayepita nyuma ya jiko la mama yake.

Maana ndivyo lilivyonuka jiko la mama yangu mwaka ule Elio alipokaa kwetu: wali wa nazi upande huu, viatu vya kuchezea mpira juu ya redieta ya kupashia nyumba moto upande ule.

Tulikaa mtaa wa Saltley, katika mstari mrefu wa nyumba zilizoshikana mabega, jirani akipiga chafya unamwombea afya bila kuinuka kitini. Nilikuwa na miaka tisa. Baba, aliyekuja huku kwa Waingereza kutoka Unguja akiwa kijana, alikuwa dereva wa basi dogo la timu ya vijana ya klabu moja ya mpira. Wachezaji waliotoka mbali walipangiwa nyumba za wenyeji, na mwenyeji aliyekuwa ampokee Elio aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Basi jioni moja Baba akarudi na mgeni. "Wiki moja tu," alimwambia Mama pale mlangoni, kwa sauti ya mtoto aliyeokota paka.

Mgeni alikuwa Mtaliana wa miaka kumi na saba, mwembamba, mwenye masikio makubwa, kutoka mji mdogo wa kaskazini mwa Italia uliozungukwa na mashamba ya mpunga. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Cha Mama kilikuwa kidogo zaidi. Kilimtosha kwenye maduka ya Alum Rock Road, na zaidi ya hapo hakukitaka. Mkalimani nikawa mimi, niliyekuwa nikiongeleshwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, mpaka Mama akaapa kwamba siku moja atanijibu kwa Kihindi.

Baba alimuuliza kijana anacheza nafasi gani. Elio akajibu kwa lugha yake, kwa fahari kidogo: "Mezzala."

Mama alikuwa jikoni. Akatoka na mwiko mkononi, uso umechanua.

"Mmemsikia? Meza, lala. Masikini, mtoto wa watu ana njaa na usingizi, na kajifunza kuyasema kwa Kiswahili."

Baba alicheka mpaka akatafuta kiti. Alidhani neno lile ni kiungo kwa Kitaliana, akaona si kazi yake kumharibia mkewe furaha. Elio naye alicheka, kwa adabu, bila kujua anacheka nini. Akapakuliwa pilau, akaimaliza, akalala mpaka mchana wa siku ya pili. Mama alihitaji ushahidi gani tena? Toka siku hiyo jina lake nyumbani likawa Mezalala. Kila aliporudi kutoka mazoezini na kula chakula cha mchana, Mama alimwonyesha ngazi ya kwenda chumbani na kumwambia, "Haya, Mezalala, timiza jina lako." Naye akapanda. Na ile wiki moja ikasahauliwa na kila mtu.

Sasa niwaeleze jambo la sahani, maana ndilo lililotaka kumwangusha. Kwetu, mgeni aliyeshiba hubakisha. Anaacha vijiko viwili vya wali na kipande cha nyama pembeni, na mwenyeji anajua. Ukimaliza mpaka sahani ikang'aa, maana yake bado una njaa na unaona haya kusema, kwa hiyo unaongezwa bila kuulizwa. Kwao Elio ilikuwa kinyume. Bibi yake alimlea kwamba kuacha chakula ni kumwambia mpishi kuwa hajui kupika. Basi Mama alipakua, Elio akamaliza. Mama akaona sahani nyeupe, akaongeza. Elio akaona chakula, akamaliza. Walikaa hivyo toka baridi kali mpaka majani yalipoanza kuchipua, kila mmoja akimheshimu mwenzake kupita kiasi.

Wa kwanza kusema alikuwa Mama Njeri, jirani yetu, muuguzi Mkenya ambaye hakujua kunong'ona, na aliyemwita Mama kwa jina langu mimi.

"Mama Salma, huyu kijana wako mnamnonesha ya nini? Amekuwa kama mbuzi wa Krismasi."

"Mwache, anakua."

"Anakua kwenda mbele, si kwenda juu."

Mama alicheka na kumpa chapati.

Alasiri moja Mama alikwenda kwa jirani huyohuyo, na mimi nilikuwa mezani nikichambua maharage. Elio alikaa kando yangu. Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Mwalimu wangu aliwahi kuniambia nipumzike ili na maswali yapumzike. Nikamuuliza kwa nini neno lile la mezzala linamfurahisha Mama lakini Baba akiwa garini hulitaja kama kazi. Aliyasogeza maharage yangu akayapanga kama timu. Moja akaliweka kando kidogo ya katikati.

"Huyu ndiye mezzala," alisema kwa Kiingereza chake cha vipande. "Maana yake nusu bawa. Mpira ukiwa kwao, anarudi kukaba. Ukiwa kwetu, anapanda kushambulia. Anarudi, anapanda, mchana kutwa." Alilisukuma lile harage huku na huko, kisha akaliacha. "Mimi sasa nikipanda, sirudi. Kocha kasema mwisho wa msimu watanirudisha nyumbani nisipokuwa mwepesi."

Nilimuuliza kwa nini basi hasemi ameshiba. Akanitazama kama niliyemwambia apige mtu kofi. Akaniomba nisimwambie Mama.

Baba, nilipomfuata kwenye gari, alikuwa akijua siku nyingi. Alisema kwenye viti vya nyuma vya basi wenzake wanamtania kwamba anapumua kama basi la namba nane likipanda mlima. "Lakini mimi simwambii mama yako," alisema. "Nimemwoa, nataka kubaki nimemwoa."

Nikamwambia mimi. Nilisimama mlangoni mwa jiko, na kwa mara ya kwanza nikamweleza jambo toka mwanzo hadi mwisho kwa Kiswahili, kwa kuwa kwa Kiingereza asingeweza kunielewa vizuri, na hili lilitaka aelewe. Nilimweleza nusu bawa, bibi yake Elio, na kocha. Alikuwa akiosha mchele. Aliendelea kuuosha mpaka maji yakawa meupe kama ya kunywa, akamwaga, akaanza tena.

"Kwa hiyo hakusema meza, lala."

"Hakusema."

"Na siku zote hizi alikuwa ameshiba."

"Ndiyo, Mama."

"Jamani," alisema polepole. "Mtoto wa mwenzangu."

Siku ya pili Mama Njeri alikuja kumweleza Mama nini kinamfaa mchezaji, wakabishana sana juu ya nazi. Mchana Mama alimwekea Elio samaki, mboga, na wali wa kumtosha. Elio alikula kwa kasi yake ile ya kutaka kumaliza. Alipofika ukingoni, Mama akaufunika wali uliobaki kwa kiganja chake.

"Bakisha," alisema. Akanigeukia. "Mwambie humu ndani anayebakisha ndiye aliyeshukuru."

Nilimwambia. Elio aliangalia ule wali, akashika kijiko, akakiweka chini, akakishika tena. Masikio yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyevunja bilauri ya watu. Mwishoni aliisogeza sahani mbele kidogo tu. Mama akaichukua upesi, asije akabadili nia, na nilimwona jikoni akiyamwaga mabaki yale kwa upole, kama kitu alichopewa zawadi.

Kazi haikwisha siku hiyo. Kuna siku alisahau na kumaliza, na Mama alikaa juu ya mikono yake ili isiende kwenye sufuria. Lakini Elio alianza kwenda mbio asubuhi kuzunguka mitaa yetu, akipita magereji na viwanda vidogo vya Saltley, na mafundi wakampigia miluzi mpaka wakamzoea wakaanza kumpungia mkono.

Siku ya mechi ya mwisho, ambayo baada yake makocha wangekaa kuamua kama abaki, Mama alisema anakwenda. Hakuwahi kutazama mpira. Alisimama kando ya uwanja na buibui lake chini ya koti la Baba, upepo ukimpiga. Elio alikuwa akishuka kukaba, akinyakua mpira, akipanda nao hatua chache na kuuacha kwa mwenzake, kisha akiukimbilia tena mahali pengine. Kuna pasi moja ninaiona mpaka leo. Aliupokea mpira akiwa amelipa mgongo goli la wapinzani, akageuka kabla ya watu kujua kuwa amegeuka, akaupenyeza katikati ya mabeki wawili. Mshambuliaji alikuwa na kazi ya kuugusa tu. Watu wakamkimbilia mshambuliaji.

"Mbona yeye hafungi?" Mama aliuliza.

"Kazi yake si kufunga," Baba alisema. "Anawapa wenzake wafunge."

Mama alifikiri. "Kumbe anapakua."

"Ee. Anapakua."

Toka hapo hakuuliza tena. Alimfuata Elio kwa macho kila alipokwenda, na mpira ukiwa kwa mwingine hakuutazama.

Walimpa mkataba, lakini wakamtoa kwa mkopo kwenye klabu ndogo ya mji wa pwani, kaskazini, akakomae. Mama lile neno halikumwingia. "Mtu anaazimwa? Kama sufuria ya arusi?" Akatamka kwamba kama wanamwazima, yeye atakwenda kuona anawekwa wapi. Basi Jumapili moja tukapanda treni sisi watatu, Elio na begi lake, Mama na mkoba wake, mimi na maswali yangu.

Mji ule ulinukia mwani na mafuta ya chipsi. Nyumba aliyopangiwa ilikuwa ya bibi mmoja wa Kiingereza, mjane mwenye mashavu mekundu, aitwaye Maureen. Alituonyesha chumba: kitanda, dirisha, redieta. Mama aliigusa redieta kuona kama inapata moto. Tuliposhuka, meza ilikuwa imeandaliwa, na mbele ya Elio kulikuwa na pai ya nyama iliyojaa sahani. Alikuwa amekula kwenye treni. Akashika uma, akamtazama Mama.

Mama hakumtazama. Alinishika bega.

"Mwambie huyu bibi, kijana akimaliza sahani asimwongeze. Na akibakisha asikasirike."

Nilifasiri. Bibi Maureen alicheka, akauliza sasa yeye atajuaje kama chakula chake kimependwa.

Mama alipoelezwa alijibu bila kufikiri: "Kesho atakaa mezani tena."

Elio alicheza pale, kwenye viwanja vya tope, misimu miwili. Kisha akarudi kwao, na mpaka sasa anacheza daraja la pili, bado akipakua. Mimi nikitizama matokeo sitafuti nani kafunga.

Kwenye treni ya kurudi Mama aliukumbatia mkoba wake njia nzima, nami nilidhani ana huzuni tu. Miaka saba baadaye niliacha shule, nikafunga begi. Nilitegemea vita, au vyombo vya plastiki vilivyojaa chakula mpaka kifuniko hakikai. Hakunipa hata chapati. Alisimama mlangoni, akauliza nitakapofika nitalala kwa nani, akasikiliza jibu langu lisilo na kichwa wala miguu, akanipisha nipite. Nilikasirika njia nzima, nikaona mwenzangu Elio alisindikizwa na mimi nimeachiwa mlango. Ilinichukua miji mingi na vyumba vingi vya kupanga kujua jinsi ilivyokuwa kazi kwake, siku ile, kusimama pale na mikono mitupu, ile ile aliyowahi kuikalia ili isiende kwenye sufuria.