Albamu Yenye Matundu

Rap ninayoijua mimi ina matundu. Baba ameifunga simu yangu isipitishe matusi, kwa hiyo kila albamu inanijia imeshasafishwa: kijana anafoka, anafika penye neno lenyewe, kimya, halafu anaendelea kama aliyezibwa mdomo akaachiwa. Simu ya kaka yangu haijafungwa. Kwa nini? Yeye mwanamume. Nikitia neno kuhusu muziki ananiambia, "Wee nyamaza, msikilizaji wa vipande."

Kunyamaza nakujua. Darasani nanyamaza mpaka mwalimu anadhani sikuja. Labda ndiyo maana nilitaka kitu kimoja tu: nisikie albamu moja nzima, bila tundu, tena ile ya mwanzo.

Mjomba ndiye aliyenitia wazimu. Alisoma Amerika ujanani, akarudi Maskati na kaseti ya rapa mmoja, albamu yake ya kwanza. Anasema kabla yake wengi waliimba ili watu wacheze. Huyu akasema "mimi": mimi ndiye ninayeuza unga, mimi ndiye ninayevunjiwa mlango na polisi. Hakumwomba mtu radhi. Hapo ndipo gangsta rap ilipoanza, anasema mjomba, ingawa kaka anabisha.

"Njoo Ijumaa. Kaseti ipo, na redio yake bado inazungusha," mjomba akaniambia.

Basi Ijumaa tukaenda na kaka Azaiba, kwa mjomba, anakoishi na bibi. Biriani sikuionja vizuri. Baada ya chakula mjomba akaitoa kaseti kwenye boksi la viatu, akaigeuza, akashika kichwa. Vile vitundu viwili vya juu, vinavyozuia mtu asirekodi juu yake, vilikuwa vimezibwa kwa karatasi.

"Mama! Nani kaziba hii?"

"Mie," bibi akasema, huku akimimina kahawa. "Si tulikuwa tukirekodi salamu za kupeleka Unguja? Kaseti tupu hazipatikani. Hiyo nlisikia mtu anatukana tu Kizungu, nkaona haina kazi."

Mjomba akaitia redioni hivyo hivyo, na wimbo wa kwanza ulianza kweli. Ngoma nzito, na lile neno, zima zima, halikuruka. Nikasogea karibu na redio. Halafu krr, na sauti ya bibi akiwa bado kijana: "Assalaam alaykum dada yangu, sie hatujambo, alhamdulillahi..." Akasalimia mtaa mzima, nyumba kwa nyumba. Wote wakacheka. Mimi machozi ya hasira yalinilengalenga.

Ghafla sauti ikakaza. "Sasa dada, nije kwenye cherehani changu. Mimi si mjinga. Mimi ndiye mwenyewe, na huyo mumeo anayekikalia, mwambie yeye ni..."

"Zima!" bibi akapiga kelele.

"Mama, acha tusikie!"

"Nimesema zima! Nlighadhibika siku ile, nkajuta, ndo mana sikuipeleka."

"Bibi, mwache amalize!"

Aliyesema ni mimi. Chumba kizima kiligeuka kunitazama. Bibi naye akanitazama, akaichomoa kaseti, akaitia mfukoni mwa dishdasha, kanzu yake ya nyumbani, akaenda kutawadha.

Ndani ya gari kaka akaniuliza, "Haya, umeisikia nzima?"

Nikafunga mkanda. Nimerudi na nusu ya wimbo na nusu ya ugomvi, na hata huyo shemeji wa bibi sijui alikuwa nini.