Kitambaa cha Meza ya Wakwe

Dobi alikuwa mtu wa kuchukuliwa na mawazo. Ukimkuta kibandani kwake, pasi ya makaa mkononi na mvuke umempanda mpaka kidevuni, ilibidi umwamkie mara mbili tatu ndipo akuitikie. Mkewe alizoea kuwaambia majirani, "Mimi nimeolewa na mvuke. Mtu mwenyewe hunitembelea tu."

Lakini kazi yake haikuwa na usingizi. Vitambaa vya meza vya mgahawa wa samaki ukingoni mwa maji vilikuwa vyake miaka nenda miaka rudi. Mwenye mgahawa aliamini kitambaa cheupe humsahaulisha mtu kwamba amekalishwa kwenye kiti cha plastiki. Kila asubuhi Dobi alivipeleka kwa mlango wa jikoni vikiwa vimekazwa kwa kanji na kunyooka, akarudi na vya jana vikinuka ndimu na samaki. Upande wa mbele, wanakokaa walaji, hakuwahi kuketi.

Ndipo binti yake akachumbiwa, na upande wa kijana ukawaalika chakula cha mchana hapohapo. Kijana alifiwa na baba angali mdogo. Mama yake, mwalimu mkuu aliyestaafu, ndiye aliyekuwa baba na mama, na sifa zake zilimtangulia: mwanamke wa heshima, hasemi mara mbili, na fedheha haipiti mlangoni kwake. Neno lake likisema hapana, basi ni hapana.

"Baba, nakuomba," binti alisema wakivaa viatu. "Leo kaa na sisi. Usituache mezani ukaenda zako."

"Na mambo ya madoa uyaache kibandani," mama yake akadakia. "Wale ni wakwe, si wateja."

Dobi aliahidi, na alikusudia kutimiza. Lakini meza yao ilikuwa juu ya maji kabisa. Jua lilipenya katikati ya mbao za sakafu, likarudi juu kutoka majini na kuchezacheza darini, mpaka ikawa kama mgahawa mzima umelowekwa katika mwanga. Mwalimu aliuliza habari za ukoo, Dobi akajibu vizuri. Kisha macho yakamponyoka. Yale maji, aliwaza, ni shuka moja lisilo na mwisho. Mtu analisuuza tangu dunia iumbwe na bado hajalikamua. Nani ataliweza pindo lake?

Akiwa huko, sinia la kaa likaja, kaa wakiogelea katika mchuzi mwekundu. Mwalimu akanyoosha mkono. Na mikono ya Dobi, bila kumuuliza mwenyewe, ikashika ukingo wa kitambaa mbele ya mama mkwe wa bintiye, ikakikunja mara mbili mpaka mbao za meza zikabaki wazi, ikalilaza vizuri kunjo lile kwa kiganja.

Mkono wa Mwalimu ukasimama hewani.

"Kumbe," alisema taratibu. "Mkwe ameona mimi nala kama mtoto."

Binti aliinamisha kichwa. Kijana akakohoa bila kikohozi. Mke wa Dobi akawahi: "La, mama! Kulikuwa na nzi."

"Nzi hakunjiwi kitambaa, mama. Nzi hufukuzwa."

Hapo Dobi akarejea. Alimtazama bintiye, akaona machozi yako karibu. Uongo wa nzi ulikuwa umeshakufa, na wa pili hakuwa nao.

"Mwalimu, nisamehe," alisema. "Hiki kitambaa nimekifua mimi. Ndiyo kazi yangu. Mchuzi wa kaa ukinywewa na nguo nyeupe, hautoki bila ugomvi. Mikono imeogopa kazi yake, na mimi sikuwapo kuizuia."

"Hukuwapo? Ulikuwa wapi?"

Dobi akaelekeza kidevu majini. "Kule."

Mwalimu akageuka akatazama kule. Alitazama kwa muda mrefu, mwanga ukimpanda na kumshuka usoni.

"Marehemu mume wangu naye alikuwa akienda kule," alisema hatimaye. "Unamsemesha, kumbe hayupo. Nilimgombeza mpaka siku yake ya mwisho. Sasa nyumba imejaa watu wanaonisikiliza vizuri, na sina hamu nao."

Akakishika kitambaa mwenyewe, akakikunjua, akakinyoosha.

"Kesho utagombana nacho. Leo wewe ni mgeni wangu, ule."

Akavunja gando. Tone la mchuzi likaruka, likatua kwenye weupe. Dobi akafumba macho kama aliyechomwa sindano, na meza nzima ikaangua kicheko, binti akicheka na kufuta machozi kwa pamoja.

Walikula mpaka sinia likabaki na kaa mmoja. Mwalimu akajifuta midomo.

"Basi, mkwe, tutajieni siku ya harusi, tujiandae."

Macho ya Dobi yalikuwa yamekwisha vuka ukingo wa meza. Mkewe akampelekea kiwiko mbavuni.

"Mwache," Mwalimu alisema, akivuta kaa wa mwisho. "Atarudi. Tunamngoja."